Jana tulikuwa wote kaunta, leo mimi ndiye napanga zamu

SWALI

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 29, na nimekuwa keshia katika supamaketi moja hapa Dar es Salaam kwa miaka minne. Mwezi uliopita meneja aliniita ofisini, akaniambia supavaiza wetu ameacha kazi na kuanzia Jumatatu nafasi ile ni yangu. Akanikabidhi funguo za kabati la chenji, namba ya siri ya kufutia bidhaa kwenye mashine, na daftari la rosta. Akanipa mkono, akasema, “Usiwachekee, watakupanda kichwani.” Mafunzo niliyopewa ni hayo tu.

Nina makeshia tisa chini yangu. Wa kwanza kunipa shida ni mama mmoja ambaye sote pale tunamwita Mama tu. Yupo tangu duka linafunguliwa. Ndiye aliyenifundisha kazi, kuanzia kutambua noti bandia hadi namna ya kumtuliza mteja mlevi. Kila mtu, na mimi nikiwemo, alijua cheo kikitokea ni chake. Sasa ananiita “bosi” mbele ya wateja, kwa sauti ambayo ukiisikia utajua si ya heshima. Nikimwomba afungue kaunta ya nne foleni ikirefuka, anamaliza kwanza kupanga mifuko, taratibu, ndipo anakuja.

Wa pili ni shoga yangu. Tumepanga nyumba moja Kimara, asubuhi tunagombania daladala pamoja, mwanangu anamwita mama mdogo. Wiki yangu ya kwanza tu droo yake ilikuwa na shoti, yaani pesa pungufu, ya shilingi 38,000. Akalia. Nikatoa hela yangu nikaifidia, nikaandika kwenye daftari kwamba hesabu iko sawa. Wiki iliyofuata shoti tena, safari hii ndogo, nikafanya vilevile. Halafu Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi, watu wamepokea mishahara na duka limejaa hadi mlangoni, alikuwa ananiita kila mara nimfutie bidhaa. Nikachoka, nikamtajia namba yangu ya siri afute mwenyewe. Mpaka leo anayo.

Kuna na utaratibu niliourithi: shoti isiyo na mwenyewe inagawanywa kwa wote na kukatwa kwenye mishahara. Nilipokuwa keshia niliuchukia sana. Sasa meneja anataka orodha ya makato ya mwezi huu, jina na kiasi, na mimi ndiye wa kuiandika.

Nilijaribu kuwa mpole, nikaona wanachelewa. Wiki jana nikaamua kukaza. Kijana mmoja anayetoka Chanika alichelewa dakika 20, nikamfokea palepale kaunta, wateja wanasikiliza. Tangu siku hiyo nikiingia chumba cha kubadilishia nguo maongezi yanakatika. Nimesikia wamefungua kundi jipya la WhatsApp, mimi simo.

Kazi nyingi naishia kuzifanya mwenyewe. Nakaa mashine, nafungasha, nahesabu, natoka saa nne na nusu usiku. Mume wangu ameniuliza ni cheo gani hiki kinachoongeza saa bila kuongeza hela, nikakosa jibu, maana hata barua sijapewa. Meneja anasema tutaangalia mambo yakikaa sawa. Nafikiria kumwambia anirudishe kwenye mashine yangu. Anti, nishauri.

Supavaiza Mpya, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu.

Mengine yatasubiri, hili halisubiri: badilisha namba ya siri leo, kabla zamu haijaanza. Kama mashine haikuruhusu kuibadilisha mwenyewe, mwombe meneja au fundi wenu wa kompyuta. Huna haja ya kumuaga shoga yako wala kumwomba radhi baadaye. Akiuliza, mwambie namba ile haikupaswa kutoka mkononi mwako, basi.

Nakueleza kwa nini, maana ukiwa keshia huenda hukuwahi kuiona picha yote. Mteja mwenye haraka analipa taslimu, anabeba mzigo wake, hasubiri risiti. Mwenye namba ya kufutia anaondoa dumu la mafuta la lita tano kwenye orodha kabla hajaifunga hesabu ya mteja yule, bei ya mafuta anaitia mfukoni, na jioni droo inasoma sawasawa, haina shoti hata ya mia. Siku ya kuhesabu mali ndipo inaonekana madumu yamepungua. Meneja akifungua kumbukumbu za mashine hatalikuta jina la shoga yako. Atakuta namba yako, tarehe na saa. Simtuhumu binti wa watu. Inawezekana kabisa alifuta kilichopaswa kufutwa na hakuna zaidi. Ila yakitokea mabaya, hata yeye hatakuwa na namna ya kukuokoa.

Hatua inayofuata ni ngumu zaidi. Nenda kwa meneja asubuhi, kabla hajakuita, umwombe orodha ya vitu vyote vilivyofutwa kwa namba yako tangu Jumamosi ile. Mwambie hivi: “Siku ile duka lilijaa, nikatoa namba kwa keshia ili foleni isogee. Nimeshaibadilisha. Naomba tupitie pamoja vilivyofutwa.” Na zile shoti mbili ulizofidia ukaandika hesabu iko sawa, ziseme hapohapo, usizibakize kwa siku nyingine. Najua tumbo linavyokucheza ukisoma hapa. Lakini ulichoandika kwenye daftari hakikuwa kweli, na mkaguzi akikibaini atakipa jina ambalo wewe hukulikusudia. Ukijisema mwenyewe ndani ya mwezi wa kwanza, meneja atafoka, pengine atakupa onyo la maandishi. Onyo la aina hiyo unaweza kuishi nalo.

Kumsaidia shoga yako hakukuwa kosa. Ungeweza kumkopesha hiyo 38,000 huko huko nyumbani Kimara, akalipa kazini kwa jina lake, na daftari likaandikwa shoti kama ilivyo. Kwa kuificha, ulimnyima mtu yeyote nafasi ya kuuliza imetoka wapi. Na shoti hutoka mahali. Umekaa mashine miaka minne, unapajua: mteja katoa noti ya elfu tano akarudishiwa chenji ya elfu kumi, mteja kaonyesha meseji ya malipo kwenye simu, keshia hakuangalia kama hela imeingia kweli, chenji ya asubuhi ilipokewa bila kuhesabiwa, au, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, keshia mmoja kaenda kula na mwenzake akakalia mashine ileile, droo ileile. Droo ikishikwa na watu wawili kwa siku moja, jioni hakuna mtu duniani anayeweza kusema shoti ni ya nani. Ndiyo hiyo mnayoiita haina mwenyewe.

Basi anza hapo. Droo moja, mtu mmoja. Anayekwenda kula anafunga mashine yake na kuondoka na ufunguo, mwenzake anafungua nyingine kwa droo yake. Asubuhi chenji inahesabiwa na watu wawili na wote wanatia saini. Noti kubwa zinapunguzwa kwenye droo mara moja au mbili kwa siku, kwa saini vilevile, hasa wikiendi za mishahara. Jioni pesa inahesabiwa mbele ya mwenye droo, si yeye akiwa kashaenda kubadili nguo, na ikipungua anaandika mwenyewe anachokumbuka. Malipo ya simu hayakubaliwi kwa kuonyeshwa meseji, yanakubaliwa hela ikionekana upande wenu. Wataona unawachosha wiki ya kwanza. Wiki ya tatu nadhani utaona shoti zimepungua bila kumfokea mtu.

Droo ya shoga yako usiihesabu wewe. Mpe mwingine, nitakwambia nani. Na uzungumze naye nyumbani, si kazini, jioni moja mtoto akishalala. Mwambie kazini huwezi tena kumfichia kitu, na ikitokea shoti itaandikwa kwa jina lake kama ya mtu mwingine yeyote. Atanuna. Anaweza hata kusema cheo kimekubadilisha. Usibishane naye, maana ni kweli kimekubadilisha, wala asikupeleke kwenye kukumbushana mlikotoka. Kama ana tatizo la hela, na mimi nahisi analo, hilo mliongelee kama mashoga: vikoba, mkopo mdogo, chochote, mradi kisipite kwenye droo.

Wenzake wanajua, mwanangu. Usijidanganye kwamba ilikuwa siri yenu wawili. Wanajua nani alilia na nani akaandikiwa “sawa”. Sijaliona hilo kundi lao la WhatsApp, lakini neno moja lililomo naweza kulikisia: anabebwa. Meneja alikwambia usiwachekee, nawe ukaenda kuhangaika na uso, mara upole, mara ukali. Makeshia hawana shida na uso wako. Wanakuangalia kwenye vitu viwili tu, daftari la shoti na rosta, maana humo ndimo mna mshahara wao na Jumapili zao.

Sasa hiyo orodha ya makato. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara namna mnavyofanya. Ili akate, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi huyo. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyopatikana. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Awe amekubali makato kwa maandishi, na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Shoti iliyogawanywa kwa watu tisa haina kosa la mtu yeyote ndani yake. Imegawanywa kwa sababu aliyekosa hajulikani. Ukiiandika orodha ile, jina lako ndilo litakalokuwa chini yake siku mmoja wao akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi.

Usiende kwa meneja na sheria mkononi kama unamtisha, lakini. Mameneja wengi wa maduka wakisikia sheria kutoka kwa supavaiza wa mwezi mmoja wanasikia kiburi. Nenda na hesabu. Mwambie: mtu akichota 45,000 na shoti ikagawanywa kwa watu tisa, yeye anakatwa 5,000, na 40,000 inabaki yake. Yaani utaratibu huu unamlipa mwizi, na wanane wasio na hatia ndio wanaochanga. Halafu mwonyeshe utaratibu mpya wa droo, na umwombe mwezi huu shoti zisizojulikana zisikatwe mpaka utaratibu huo uanze kufanya kazi. Akikataa, mwombe akupe agizo hilo kwa maandishi, hata kwa meseji. Agizo la hivyo huwa zito kuandikika.

Kwa Mama, hujamkosea kitu, ila yupo kama mtu aliyefiwa na hakuna aliyempa pole. Alitangaziwa pamoja na wengine kwamba kanafunzi kake kamekuwa mkubwa wake, na siku hiyohiyo akatakiwa akae mashine aseme “karibu tena” kwa wateja. Mtafute peke yake, kabla ya zamu. Mwamkie. Natumaini bado unamwamkia shikamoo. Cheo hakifuti hilo, na makeshia wengine wanaangalia. Mwambie ulijua kama wao kwamba nafasi ilikuwa yake, kwamba hukuizunguka kuipata, na kwamba hujui kwa nini uamuzi ulikuwa huo. Kisha nyamaza. Asikie kwamba umemaliza. Anaweza kusema maneno machungu, anaweza kusema hana neno. Vyovyote vile, usijitetee, na usimwahidi kwamba utamsemea kwa meneja apewe kitu fulani kama huna uhakika.

Siku nyingine, si siku hiyo, mpe kazi inayolingana na anachokijua. Yeye ndiye wa kuhesabu droo ya shoga yako. Yeye ndiye wa kukaa na keshia mpya wiki yake ya kwanza, kama alivyokaa nawe. Lakini muulize meneja kama kuna posho yoyote ya kazi hiyo. Kumwongezea mtu mzima majukumu ya bure na kuyaita heshima ni dharau ya aina nyingine. Kwamba anakuita bosi, liache. Neno lile linahitaji uso wako uliokwazika ili liishi.

Kaunta ya nne ni jambo tofauti, kwa sababu hapo mteja anaumia. Acha kuomba. Weka utaratibu kwa wote: foleni ikifika watu watano, asiye na mteja anafungua kaunta inayofuata, awe nani. Itangaze asubuhi wakati wa kupangana, watu wote wakiwa wamesimama. Akiendelea kupanga mifuko baada ya hapo, mwite pembeni, umweleze siku zipi na saa ngapi ilitokea, bila kuingiza habari za cheo. Anaweza kukuchukia na bado akafungua kaunta. Hayo ni mafanikio, yapokee.

Kijana wa Chanika ulimkosea, na ulimkosea mbele za watu, kwa hiyo radhi isiwe ya kunong’ona kwenye korido. Asubuhi wakati wa kupangana sema kwa ufupi: “Juzi nilimfokea mwenzetu mbele ya wateja. Sikufanya vizuri. Anayechelewa nitazungumza naye pembeni.” Usiombe radhi kwa kumwuliza kuhusu kuchelewa, hilo ni kazi yako. Halafu chukua rosta ya wiki ile uitazame. Alitoka saa ngapi usiku uliotangulia?

Nauliza kwa sababu maduka mengi yanampanga mtu kufunga usiku na kufungua asubuhi, na hakuna anayeona ubaya, maana mpangaji anaishi karibu. Mtu akifunga saa nne usiku, akahesabu pesa, akatafuta gari la kumfikisha Chanika na kukuta nauli imepanda au gari hakuna mpaka achukue bodaboda, anafika kwake saa sita. Ukimtaka saa moja asubuhi, anatoka nyumbani kumi na moja alfajiri. Kuchelewa kwake umekuandika wewe kwenye rosta. Sheria hiyohiyo inataka mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na saa 24 mfululizo kila wiki. Aliyetoka saa nne usiku arudi saa nne asubuhi. Kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apate saa moja ya mapumziko. Kuanzia saa mbili usiku ni kazi ya usiku, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Angalia kama makeshia wako wa kufunga wanaipata. Kama hawaipati, umepata jambo la kwanza la kuwapigania, na ni jambo la haki wanayodai, si la kujipendekeza.

Kuhusu rosta yenyewe, nina maneno zaidi kuliko nafasi. Ibandike ukutani wiki mbili kabla, ili mtu ajue kama atahudhuria harusi ya mdogo wake au la. Hesabu miezi mitatu nyuma: nani amepata Jumapili ngapi? Kama shoga yako, au wewe mwenyewe, amepata nyingi kuliko wengine, sawazisha kimyakimya, usitoe hotuba. Wikiendi za mwisho wa mwezi zizunguke kwa wote, na kufunga usiku kuzunguke vilevile. Mwezi wa Ramadhani, zamu ya jioni inayokatiza futari waulize kwanza wasiofunga kama wataichukua, na Krismasi waliofunga wawashikie zamu wenzao. Ukiwaachia wapatane wenyewe watapatana vizuri kuliko utakavyopanga. Wanaobadilishana ofu waandike na kutia saini, na wakuonyeshe kabla, siyo unafika asubuhi unamkuta mtu ambaye hukumpanga. Mjamzito, mwenye mtoto anayenyonya, anayetoka mbali, hawa mtu asikuombe, uwe umeshafikiria.

Lile kundi la WhatsApp liache hivyo lilivyo. Wafanyakazi wana haki ya mahali pa kumsema mkubwa wao, na wewe ulikuwa nalo kundi kama hilo kwa huyo aliyeondoka. Usimtume mtu akuletee yaliyomo. Anayejileta mwenyewe na picha za maongezi ya wenzake, mwambie hutaki kuziona, kwa sababu mwezi ujao atapeleka zako.

Na kazi za kukaa mashine, punguza. Najua unakaa kwa sababu hapo unajiamini. Mikono inajua la kufanya. Lakini ukiwa umejifungia kwenye kaunta ya pili, hakuna anayeona kwamba kaunta ya tano mteja anagombana na keshia mgeni kuhusu bei ya rafu isiyolingana na ya mashine. Kaa mashine foleni ikizidi, kisha ondoka. Hesabu noti inapobidi. Kufungasha, hapana.

Sasa swali la mume wako, ambalo ni zuri. Sheria inasema masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri, baada ya kushauriana nawe, arekebishe maelezo ya maandishi ya ajira yako na kukujulisha kwa maandishi. Cheo kipya ni badiliko. Usidai kwa kulalamika. Andika barua fupi ya nusu ukurasa, utaje tarehe uliyoanza, majukumu uliyokabidhiwa, na uombe yathibitishwe pamoja na mshahara na saa za kazi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kwamba imepokelewa. Swali la saa uliulize waziwazi, maana lina mtego: ile sehemu ya sheria inayoweka saa za kazi na malipo ya ziada, ambayo ni mara moja na nusu ya kawaida, haiwahusu wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kama wewe unaripoti kwa meneja wa duka, na yeye ana mkubwa wake anayeamua mambo, huenda bado unastahili malipo hayo. Kama yeye ndiye uongozi wa juu, huenda umepoteza malipo ya ziada siku uliyopewa mkono, na kwa hiyo nyongeza ya mshahara iwe na maana. Ukihitaji wa kukusomea barua kabla ya kusaini, ofisi za kazi zipo kwa ajili hiyo, na chama cha wafanyakazi kama kipo hapo kazini.

Kurudi kwenye mashine yako si aibu, na ningekuwa na hakika kwamba huipendi kazi hii ningekwambia urudi. Lakini katika barua yako sikuona mtu asiyeipenda kazi. Niliona mtu ambaye hajapewa barua, mafunzo wala mshahara wa kazi anayoifanya. Jipe mpaka mwisho wa kipindi cha majaribio, na kama hamkukubaliana kipindi, taja mwenyewe miezi mitatu ndani ya barua ile. Ikifika hapo hujathibitishwa na mshahara ni uleule, omba kurudi keshia kwa maandishi. Ila usiombe kabla hujamaliza suala la namba ya siri na zile shoti mbili. Ukirudi mashine leo, atakayekuja baada yako atafungua kumbukumbu, ataziona, na kila mtu atasema ulikimbia hesabu.